Siri ya Kiatu Aijuaye Mvaaji

Wahenga walinena kwamba siri ya kiatu aijuaye mvaaji. Methali hii sote tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, tukapewa alama zetu, tukaisahau. Mimi nilikuja kuielewa nikiwa Kidato cha Pili, tena si darasani. Niliielewa katika kibanda cha fundi wa viatu kando ya Barabara ya Rabai, nikiwa nimevua kiatu kimoja na machozi yakinilengalenga.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameniomba mara nyingi niwasimulie kisa hicho, nami nimekuwa nikikwepa. Sababu ni kwamba ndani yake mna uongo niliomwambia mama yangu mzazi. Mwaka huu nimeamua kukitoa chote, na pamoja nacho yale niliyojifunza kuhusu kuchagua raba za kukimbilia. Huenda yakamfaa mmoja wetu anayeamka alfajiri kukimbia kabla ya kengele.

Kwanza niwaeleze habari ya miguu yangu. Nyumbani kwetu ni Jericho, mojawapo ya mitaa ile ya zamani ya baraza la jiji. Mbele ya nyumba kuna sakafu ya saruji ambapo akina mama hufulia nguo. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na mchezo wa kukanyaga maji ya kufulia kisha kutembea juu ya saruji kavu, kila mtu aone nyayo zake. Nyayo za wenzangu zilikuwa na pengo upande wa ndani, zimepinda kama harage. Zangu zilijaa kote mithili ya chapati. "Angalieni miguu ya bata!" walipiga kelele. Jina likaning'ang'ania kama kupe, nikaitwa Bata mpaka darasa la nane. Nilijifunza kuingia nyumbani na viatu, na siku ya mvua nilikuwa wa mwisho kutoka nje.

Hata hivyo, nilipenda kukimbia. Nilipokuwa mbioni hakuna aliyeona nyayo zangu, waliona mgongo tu. Katika Kidato cha Pili mwalimu wetu wa michezo aliniteua niwe katika kikosi cha wasichana wa mbio za nyika. Mashindano ya kaunti ndogo yalikuwa yamebakiza kama miezi miwili. Nilikuwa nikifanya mazoezi na raba zangu za turubai za kawaida, zile nyepesi ambazo mwanafunzi huvalia kipindi cha michezo. Hazikuwa na sifa yoyote, lakini sikumbuki hata siku moja ziliniuma.

Tatizo lilikuwa macho. Wasichana wawili wa kikosi chetu walikuja mazoezini na raba za maana, moja ya rangi ya kijani inayong'aa, nyingine ya zambarau. Nikatazama zangu, nikaona haya. Mja hakosi kutamani, nami nilitamani hadi usingizi ukaniruka.

Wakati huohuo viatu vyangu vyeusi vya shule vilikuwa vimetoboka soli. Mama yangu huuza mboga karibu na nyumbani. Kila siku yeye hudamka kabla ya jogoo kuwika, akaenda kununua bidhaa katika soko la Muthurwa. Kwenda huwa anatembea, ili nauli ile iwe faida. Zamu yake ya chama ilipofika, alinipa shilingi 1,200 mkononi, akaniambia, "Enda ujinunulie viatu vya ngozi, vya kudumu mpaka umalize shule. Usinunue vya kubandikwa gundi."

Nilitoka nyumbani na nia njema kabisa. Njiani nikapita mbele ya mchuuzi mmoja aliyekuwa ametandaza viatu vya mitumba juu ya gunia. Ndipo nilipoziona. Raba nyekundu kama pilipili, kamba nyeupe pepe, zimeoshwa zikametameta. Nikasimama kama aliyepigwa msumari.

"Karibu, msupa. Wewe ni wa mbio, naona kwa miguu," mchuuzi alisema. Ati anaona kwa miguu! Nami, kwa sababu sijui nani alinituma, nikamwambia kwamba nyayo zangu zimejaa. Akapiga makofi. "Una mguu bapa! Hapo sasa ndipo watu hukosea. Mguu bapa unataka kiatu kigumu, chenye nguzo upande wa ndani. Bonyeza hapa." Nikabonyeza. Kweli upande wa ndani wa soli ulikuwa mgumu kama ubao. "Ukivaa kiatu kingine utavunjika miguu. Hiki ndicho dawa yako."

Zilikuwa namba 38. Mimi huvaa 40. "Zitaachia," akasema, "raba huachia zikivaliwa." Alianza na shilingi 1,500, tukavutana, akachukua 1,200 yote. Nikaondoka nimezikumbatia kama mtoto mchanga.

Kilichofuata sijivunii. Nilimwambia mama kwamba nimechomolewa pesa katika matatu. Nilitarajia agombe. Afadhali angegomba! Alinyamaza kwa muda, akanishika bega, akasema, "Bora hukuumizwa, mwanangu. Pesa hutafutwa." Kesho yake alikopa kwa jirani, nikanunuliwa viatu vyeusi. Kwa wiki mbili nzima baadaye alifunga kibanda chake saa tatu za usiku badala ya saa moja. Nami raba nyekundu nilizificha kwa rafiki yangu anayeishi Maringo.

Wasomaji wapendwa, majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja hata kuoa. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka Barabara ya Rabai, nikaingia Buruburu, nikafuata Barabara ya Mumias Kusini na kurudi. Vidole vilibanwa mbele kama abiria wa matatu saa ya jioni. Nikajiambia zitaachia. Wiki ya pili, kwa kuwa sasa nilikuwa na raba za maana, niliongeza masafa karibu mara mbili. Wiki ya tatu ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, na maumivu makali yalikuwa yameingia katika mfupa wa muundi, upande wa ndani. Nikipanda ngazi nauma meno. Nikilala unapwita.

Mama alinikuta nikichechemea. "Ni baridi ya asubuhi," alisema, akapasha maji, akatia chumvi, akapiga magoti kunikanda mguu. Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Yule niliyemwibia ndiye aliyekuwa akiniuguza, na hakujua.

Nilijaribu suluhisho la mwisho. Jumamosi nilizipeleka zile raba kwa fundi wa viatu wa mtaani ili azipanue kwa kile kipande chake cha mti. Fundi huyu ni mzee wa miaka mingi, amekaa mahali pamoja tangu kabla sijazaliwa. Ana sindano yake, uzi wa nailoni, kopo la gundi na kiti kimoja cha wateja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu."

Alivigeuza juu chini, akaviweka juu ya ubao wake, akainama kuvitazama kutoka nyuma. "Hapana, mama. Hivi ni vya mtu mwingine."

Niliogopa, nikidhani ananishuku wizi. Lakini alinivuta karibu. "Tazama. Huyu aliyevivaa kwanza alikuwa anakula kisigino upande wa nje. Ona kilivyolala, kama nyumba inayotaka kuanguka. Sasa nipe hivyo vyeusi ulivyovaa." Nikavua kimoja. Soli yake, ingawa ilikuwa mpya, tayari ilikuwa imeanza kuisha upande wa ndani. "Wewe unakula ndani. Yeye anakula nje. Kiatu cha mitumba ni kama kitanda cha mgeni, kimeshachukua umbo la mwili wake. Wewe ulikuwa unakimbia katika mguu wa mtu usiyemjua. Tena vinakubana. Nani alikuambia uvichukue?"

Nikamweleza habari ya mguu bapa na kiatu kigumu. Alicheka hadi akakohoa. "Mimi nashona viatu, sikuenda chuo. Lakini sijaona mguu uliobanwa namba mbili ukafurahi, uwe bapa au usiwe bapa. Enda nyumbani, ukanyage maji, kisha usimame juu ya karatasi ya kaki. Niletee hiyo karatasi. Wacha tuanze na mguu, kiatu kitafuata."

Basi nikaenda nyumbani kufanya tena mchezo ule niliouchukia tangu utotoni. Jioni, uwanja ulipokuwa mtupu, nilichovya miguu katika beseni nikasimama juu ya karatasi. Zikatokea zile chapati zangu mbili. Sikuwa nimemsikia mama akitoka.

"Wafanya nini?"

"Fundi anataka kuona wayo wangu."

Aliinama akaitazama ile karatasi. Kisha, bila kusema neno, akavua ndara zake, akachovya mguu wake mmoja katika beseni, akaukanyaga pembeni mwa wangu. Wayo wake ulikuwa umejaa kote, bila pengo, sawa kabisa na wangu, ila mkubwa kidogo na wenye nyufa kisiginoni.

"Huu ulikuwa mguu wa nyanya yako pia," alisema. "Wajua hii miguu imetembea mara ngapi mpaka Muthurwa na kurudi?"

Nikashindwa kujizuia. Nililia, nikamwambia yote, raba, mchuuzi, matatu, uongo. Mama hakunipiga. Aliketi juu ya jiwe la kufulia akanyamaza hata giza likaanza kuingia. Mwishowe akasema, "Pesa nilikwisha zilipa. Lakini hilo bega nililokushika siku ile, hilo ndilo linaniuma." Mpaka leo sijapata adhabu kali kuliko maneno hayo.

Fundi alinisaidia kuziuza zile raba kwa shilingi 800 kwa msichana mwenye mguu mdogo. Mama akazipokea zote. "Hizi ni zangu. Raba utazifanyia kazi." Kila Jumamosi nikawa nakaa kibandani kukatia wateja sukuma wiki.

Mwaka ule sikukimbia. Mwalimu wa michezo alinitaka nipumzishe mguu mpaka mfupa usiume hata ukibonyezwa. Siku ya mashindano nilikuwa mbeba sweta za wenzangu. Tukiwa safarini, pengine kwa kuniona nimenuna, mwalimu alitusimulia habari za Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 katika Olimpiki ya Roma, inasimuliwa kwamba alipewa viatu vipya visivyomkaa vizuri. Yeye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, basi akaviacha, akakimbia marathoni peku, akashinda kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia upesi zaidi. Miaka minne baadaye huko Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, kwa saa 2 na dakika 12. "Hakushinda kwa sababu ya kukosa viatu, wala hakushinda kwa sababu ya kuwa navyo," mwalimu alisema. "Alikataa kiatu kilichomkataa." Mmoja wetu akauliza kama basi na sisi tukimbie peku. Sote tukaangua kicheko, maana tunavijua vipande vya chupa na misumari ya mitaani mwetu.

Nilipopata nafuu nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia na ile karatasi yangu ya kaki. Nilitaka kujua ukweli: je, mguu bapa ni kilema? Alinifafanulia hivi, nami nawapa kama nilivyopewa.

Mguu mmoja wa binadamu una mifupa 26. Mifupa hiyo, pamoja na kano na misuli, hujenga upinde chini ya wayo. Kuna watu ambao upinde wao ni wa chini, na wayo wao hujaa kama wangu. Kuna wenye upinde wa wastani, ndio wale wenye nyayo za harage. Kuna na wenye upinde wa juu sana, hata kisigino na sehemu ya mbele zinaunganishwa na utepe mwembamba tu, au haziunganiki kabisa. Watoto wachanga karibu wote wana nyayo zilizojaa, upinde hujijenga wanapokua. Kwa wengine haujengeki sana, na wengi wao huishi maisha yao yote bila maumivu. Ukiwa na nyayo bapa na hazikuumi, huna ugonjwa. Zikianza kuuma au kukakamaa, hapo ni kwa daktari, si kwa mchuuzi.

Pili, kila mtu anapokanyaga, mguu hulalia ndani kidogo ili kupunguza kishindo cha ardhi. Hilo ni jambo jema. Baadhi yetu tunalalia ndani zaidi, wengine kidogo sana. Kwa miaka mingi wauza viatu duniani walifundisha kanuni ifuatayo: mguu bapa upewe kiatu kigumu cha kuushikilia, mguu wa wastani upewe kiatu cha kadiri, na mguu wenye upinde wa juu upewe kiatu laini chenye sponji nyingi. Kwa hiyo yule mchuuzi wangu hakuitunga kanuni ile. Aliisikia mahali.

Lakini je, ni kweli? Watafiti walilijaribu jambo hili kwa makuruta wa majeshi ya Marekani, katika tafiti tatu zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010. Makuruta wa kundi moja walipewa viatu kulingana na umbo la nyayo zao. Wa kundi la pili walipewa kiatu cha aina moja tu, bila kujali umbo. Mwisho wa mafunzo, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana kwa majeraha. Mwaka 2014 utafiti wa Denmark ulichapishwa, uliofuata watu 927 walioanza kukimbia, wote wakiwa na raba za aina moja. Wale ambao miguu yao ililalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine. Tusiseme kwamba shauri limekwisha, kwa maana mwaka 2016 utafiti wa Luxembourg ulionyesha kwamba raba za kushikilia ziliwasaidia wale ambao miguu yao hulalia ndani. Mwalimu alisema hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda, haimwapii mtu.

Kilichonishangaza ni hiki. Mwaka 2015 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aitwaye Benno Nigg, pamoja na wenzake, walipendekeza kwamba mkimbiaji achague kiatu ambacho mguu wake wenyewe unakisikia kuwa kizuri. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Profesa wa Kanada na fundi wa Barabara ya Rabai walikuwa wamefika mahali pamoja, mmoja kwa mitambo na mwenzake kwa sindano.

Mwishoni mwa mwaka nilikuwa nimekusanya shilingi 700 za jasho langu. Fundi akakubali kunisindikiza Gikomba. Tulishuka na Barabara ya Jogoo kwa miguu, tukapita Bahati na Kaloleni na ule uwanja wa City, ambao siku hizi unaitwa Joe Kadenge, hadi tukajitosa katika ule msongamano. Aliyefika Gikomba anajua. Huku watu wanafungua marobota, kule vijana wanasugua viatu kwa brashi na sabuni, na kila mmoja anakuita dada. Hebu nieleze aliyonifundisha siku ile, kila jambo kwa zamu yake.

Tulikwenda alasiri makusudi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, na huvimba pia mtu anapokimbia. Kiatu kinachokutosha sawasawa asubuhi kitakubana jioni. Tena nilibeba soksi nitakazokimbilia, si zile nyembamba za shule.

Hakuuliza namba. Alivuta kile kitambaa cha ndani ya kiatu, akakiweka chini, akaniambia nisimame juu yake. Kama vidole au ubavu wa mguu unamwagika nje, kiatu kirudi kilikotoka. Mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi kama unene wa kidole gumba cha mkono. Na kwa kuwa miguu haikosi mmoja mkubwa kuliko mwenzake, pima kwa ule mkubwa.

Kisha aliweka kila kiatu mahali palipo sawa na kukitazama kutoka nyuma. Kikilala upande wowote, tuliachana nacho, hata kiwe kizuri namna gani. Alibonyeza sponji ya soli kwa kidole. Ikiwa ngumu na imejaa makunyanzi, basi imekufa. Wataalamu hushauri raba ya kukimbilia ibadilishwe baada ya kilomita kama 500 hadi 800, na ya mitumba haina mtu wa kukuambia imekwenda ngapi. Soli ndiyo daftari lake. Alikunja kiatu pia. Kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati kama gazeti. Mwisho alikinusa. Mimi nikacheka, lakini alikuwa anatafuta harufu ya gundi mpya, dalili ya soli iliyobandikwa na kupakwa rangi.

Baada ya hayo yote aliniambia, "Sasa kimbia." Katikati ya Gikomba! Nikakimbia kutoka kibanda hadi kibanda huku wachuuzi wakinishangilia. "Kinakuuma popote? Kisigino kinatoka? Usiniambie kitaachia. Kiatu kinachokuuma dukani kitakuua barabarani." Nilijaribu jozi saba. Ya saba ilikuwa ya kijivu, imechakaa kidogo usoni, haina mvuto hata chembe. Nilipoivaa nilisahau kwamba nimevaa kiatu. Fundi akatabasamu. "Ndicho hicho. Kiatu kizuri husahaulika." Tukalipa shilingi 650.

Nilianza polepole. Wiki za kwanza nilikuwa nikikimbia kidogo na kutembea kidogo, nikaongeza masafa hatua kwa hatua. Hapa ndipo nilipotambua kosa langu la pili, ambalo lisingetibiwa na raba yoyote. Kuongeza masafa mara mbili kwa ghafla kungeniumiza hata katika viatu vya dhahabu.

Katika mashindano ya mwaka uliofuata nilimaliza nafasi ya tisa. Sita wa kwanza ndio walioendelea, kwa hiyo sikuendelea. Sitawadanganya, nililia kidogo nyuma ya basi. Lakini jioni ile nilibonyeza muundi wangu na haukuuma, nikavua soksi na kucha zote kumi zilikuwa nyeupe.

Baadaye, Juni 2025, Faith Kipyegon alijaribu huko Paris kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alivaa viatu vilivyotengenezwa kwa ajili yake yeye. Alimaliza kwa dakika 4 na zaidi kidogo ya sekunde 6. Hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili upesi hivyo, lakini lengo halikufikiwa. Nikasema moyoni, kumbe hata kiatu kilichotengenezwa kwa mguu mmoja tu duniani hakikimbii peke yake. Sembuse changu cha mia sita na hamsini.

Limebaki jambo moja nalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Likizo iliyopita niliuza mboga siku zote za wiki. Nilipopata pesa za kutosha nilimwambia mama, "Leo alasiri twende Gikomba." Alipinga kwanza, ati yeye ni mzee wa ndara, raba ni za watoto. Nikamshika mkono tukaenda.

Nilimketisha juu ya benchi la mchuuzi, nikapiga magoti nikamvua ndara, nikapima mguu wake juu ya kile kitambaa cha ndani, nikabonyeza sponji, nikanusa soli. Mchuuzi alidhani mimi ni fundi. Jozi ya nne mama alisimama, akatembea hadi kibanda cha pili, akarudi, akatembea tena, safari hii akapita mpaka cha tatu.

"Vinakuuma mahali?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Alikuwa anatazama chini, ile miguu yetu ya bata.

"Mama, vinakuuma?"

"Nyamaza kwanza," akasema. "Wacha nitembee."